Kliniki ya kata yetu Tanga inayotibu wagonjwa wa akili: wanapima na mwili pia, nawapa nyota 4

Nilikaa muda kabla ya kuandika hii maana sikutaka niandike kwa furaha ya siku moja alafu baadae nijikute nimewapoteza watu, ila sasa mwaka umepita na zaidi na naona naweza kusema. Ni kituo cha afya cha serikali, kata yetu hapa Tanga mjini, upande wa kliniki ya magonjwa sugu ile siku ambayo wanahudumia na wagonjwa wa akili. Jina la kituo naliacha kwa sababu mgonjwa wangu anajulikana mtaani na sitaki mtu amfuate fuate na simu. Ninachotaka mjue ni huduma ikoje ikiwa nzuri, ili na nyie mkienda kwenu mjue cha kudai.

Mgonjwa ni mama mdogo wangu. Ana skizofrenia tangu akiwa binti, alianza kuumwa akiwa bado hajaolewa, wakampeleka kwa waganga, wakampeleka Lutindi, hospitali ya akili kule milimani Korogwe, akakaa kidogo akarudi, na tangu hapo ni dawa. Miaka mingi alikuwa anachomwa sindano ya mwezi, ile Modiketi, ikawa inamtetemesha mikono mpaka chai inamwagika, basi kwenye hospitali moja kubwa tuliyokuwa tunaenda wakambadilishia wakamuweka kwenye dawa nyingine ya akili, olanzapini. Kichwa kikatulia kwakweli. Sauti zikapungua, akalala, akaanza kusuka mikeka tena. Tulifurahi sana.

Ila hakuna aliyetuambia kwamba hiyo dawa inaleta njaa. Na njaa yenyewe sio uchoyo jamani, ni dawa inamshika mtu, anakula anamaliza anatafuta tena, watu wa nyumbani wanaanza kumfichia chakula na yeye analia. Akanenepa haraka haraka. Alafu ikaja kiu. Anakunywa maji, jagi zima, anaamka usiku kwenda chooni kila saa, miguu inamuwaka moto. Tukaenda kusema pale tulipokuwa tunatibiwa, tukajibiwa kwamba wagonjwa wa akili wengine ndo walivyo wanapenda kunywa maji, ni ugonjwa wenyewe huo, wakamuongezea dozi ya usiku. Hawakumchoma hata kidole. Yani kipimo cha sukari ambacho ni dakika moja, mtu mwingine yeyote angekuja na kiu na kukojoa usiku angepimwa hapohapo mapokezi, ila yeye kwa vile kadi yake imeandikwa akili basi kila kitu chake ni akili. Akiumwa jino ni akili, akiumwa kifua ni akili.

Hili ndo jambo linaloniuma kuliko yote na ndo sababu naandika. Shirika la Afya Duniani linasema watu wenye magonjwa makubwa ya akili wanakufa mapema kuliko wengine kwa miaka 10 mpaka 20, na wengi hawafi kwa kujiua kama watu wanavyodhani, wanakufa kwa moyo, kwa sukari, kwa presha, kwa kifua, kwa maradhi ambayo zahanati yoyote ina uwezo wa kuyaona mapema. 2018 walitoa kabisa muongozo kuhusu afya ya mwili ya watu hawa. Kwahiyo sio kwamba hakuna anayejua. Wanajua ila huku chini kwenye dirisha haifiki.

Sasa turudi kwenye kituo. Tulifika kwa sababu nauli ya kwenda hospitali kubwa ilitushinda na mhudumu wa afya wa mtaani, yule anayepita nyumba kwa nyumba kuuliza kuhusu watoto na vyandarua, akatuambia hata kata yenu wanatoa dawa za akili siku hizi. Mimi sikuamini, nilijua kituo cha afya ni malaria na wajawazito. Tukaenda.

Kitu cha kwanza. Nesi, binti mdogo tu, alimuangalia mama mdogo usoni akamwambia shikamoo mama. Mama mdogo akakaa kimya kwanza, alafu akajibu marahaba mwanangu. Nyie hamjui, ni miaka mingi sana watu walikuwa wameacha kumuamkia. Watoto wa mtaani wanamuita mwehu, na watu wazima wanapita kama hawajamuona, na hata hospitali kule walikuwa wananiuliza mimi "anaendeleaje huyu" wakati yeye amekaa pale pale anasikia. Huyu binti akamuuliza yeye mwenyewe, mama unalalaje, unakula vipi, choo unapata, kuna kinachokuuma. Mimi nikitaka kujibu ananiambia subiri kidogo dada, nitakuuliza na wewe. Hapo tu nilishawapa nyota 2.

Alafu vipimo. Kila anayekuja siku ile, awe wa sukari, awe wa presha, awe wa kifafa, awe wa akili, anapita meza moja ileile: mizani, mashine ya presha, utepe kama wa fundi cherehani wanakuzungushia kiunoni, na ukiwa mgeni unachomwa kidole. Sukari ya mama mdogo ikasoma 17 na hakuwa amekula. Kwa wasiojua, kabla ya kula ikifika 7 na kwenda juu tayari wanaanza kukuhesabu una kisukari. Presha nayo ilikuwa juu, na wao wanasema ikivuka 140 kwa 90 mara kwa mara inatakiwa ishughulikiwe. Kumbe ile kiu na lile joto la miguu lote lilikuwa sukari, na tuliambiwa ni wazimu.

Tabibu aliyetuona ni mtu mzima, mpole, sio daktari bingwa, ni tabibu wa kawaida aliyefundishwa haya mambo ya akili juu ya kazi zake nyingine. Ana kitabu chake cha muongozo mezani kimechakaa kurasa, ule wa Shirika la Afya Duniani ulioanzishwa kwa ajili ya wahudumu wasio mabingwa, mpango wenyewe ulizinduliwa 2008. Hakumpiga olanzapini stop siku ileile, na hapa nawaomba msikilize vizuri maana watu wengi wakisikia dawa inaleta sukari wanaenda kuitupa chooni alafu baada ya wiki mgonjwa yupo barabarani hajavaa nguo. Alimpigia simu daktari wa akili wa hospitali ya mkoa mbele yetu, wakaongea, wakakubaliana apunguziwe taratibu na aingizwe dawa nyingine ya akili, risperidoni, kidogo kidogo, na hapohapo aanze metfomini kwa ajili ya sukari na dawa ya presha. Akatuandikia kwenye karatasi kwa Kiswahili, asubuhi hiki, jioni hiki, wiki hii hivi wiki ile hivi, na akamsomea mama mdogo mwenyewe, akamuuliza umeelewa mama, na una swali.

Mama mdogo akauliza: nitanenepa tena? Tabibu akamjibu ukweli, akamwambia hii inaweza kukunenepesha pia ila sio sana kama ile, na tutakupima kila ukija. Nilipenda sana kwamba hakumdanganya.

Sasa hivi sukari inacheza 7 na 8, siku nyingine chini ya hapo, kilo zimeshuka japo sio zote, usiku analala. Sauti zilirudi kidogo wakati wa kubadilisha dawa, kuna wiki mbili tatu zilikuwa ngumu, alikuwa anaongea na ukuta na hataki kuoga, nikapiga simu kituoni wakaniambia mleteni leo msisubiri siku ya kliniki. Wakamuona bila foleni. Zikatulia.

Kingine ambacho sikutegemea kabisa ni kwamba nesi alimuuliza kama amewahi kupimwa shingo ya kizazi. Mama mdogo ana umri wa kupimwa na hajawahi hata mara moja maishani mwake, kwa sababu nani angempeleka, kila mtu alikuwa anamuona ni kichwa tu kinachotembea. Walimueleza taratibu, ni kile kipimo cha siki cha kuangalia dalili za saratani, kina dada wanakijua, wakamwambia ukikataa hakuna shida dawa zako utapata vilevile. Siku hiyo alikataa. Ziara nyingine akasema yeye mwenyewe, niko tayari. Wakampima, salama. Wakamkagua na matiti. Wakamuangalia na miguu vidole kimoja kimoja kwa sababu ya sukari, na wakatuandikia macho hospitali ya mkoa. Vitu vya kawaida kabisa ambavyo mwanamke yeyote mwenye sukari anastahili, ila kwake vilikuwa vigeni.

Kuhusu foleni niseme kidogo maana hili wamelifanya kwa akili sana. Zamani, naambiwa na wazee wa kituo, wagonjwa wa akili walikuwa na benchi lao peke yao nje upande wa barabarani na mlango umeandikwa kwa rangi nyekundu AKILI, kila apitaye na bajaji anakuona. Watu walikuwa hawaji. Saa hizi kliniki ni moja, ya magonjwa sugu, mnakaa wote, mzee wa presha, mama wa sukari, kijana wa kifafa na mama mdogo wangu, na hakuna anayejua nani anaumwa nini labda mseme wenyewe. Na wanaongea jamani. Mama mdogo amepata rafiki pale, bibi mmoja wa presha anayetokea mtaa wa pili, wanapeana mbegu za mchicha.

Kwenye foleni hiyohiyo ndo nimejifunza mambo mengi kuliko hospitali kubwa miaka yote. Kwa mfano kuna kijana anavuta sigara sana na yupo kwenye olanzapini, tabibu alimwambia ukitaka kuacha sigara tutakusaidia, ila usiache kimyakimya, njoo useme, kwa sababu moshi wa sigara unafanya mwili uimalize ile dawa haraka, ukiacha ghafla dawa inabaki nyingi mwilini inakulevya, inabidi tuangalie upya dozi yako. Mimi sikuwahi kusikia hilo popote. Na mama mmoja mwenye binti aliye kwenye valproeti, dawa ya kifafa inayotumika na kwa akili, ameniambia wamemkalisha binti wakamueleza kuhusu uzazi wa mpango, kwamba hiyo dawa inaweza kumdhuru sana mtoto tumboni kwahiyo akifikiria kuzaa aje kwanza wabadilishe. Klozapini, dawa nyingine ya akili, hawatoi hapa na wanasema wazi kwamba hawatoi, kwa sababu inataka upimwe damu mara kwa mara kuangalia chembe nyeupe, hiyo wanakupa rufaa mkoani. Nimeipenda hiyo, mtu anayejua mwisho wa uwezo wake.

Na suala la dini na mitishamba hawana dharau. Bibi yetu anaamini ni mashetani ya pwani, na mjomba anasoma dua. Tabibu alisema dua endeleeni nayo, mafusho ya moshi mwingi kwenye chumba kilichofungwa msifanye kwa sababu ya kifua chake, kumfunga kamba au mnyororo haturuhusu hata siku moja, na dawa zisisimame. Basi. Hakuna kugombana na wazee, na bibi mwenyewe sasa ndo anamkumbusha vidonge.

Haya, mabaya yao, maana nyota moja nimeitoa na ina sababu.

Dawa zinakata. Hili ni kubwa. Risperidoni kuna miezi haipo, unaambiwa ukanunue duka la dawa, na maduka ya kata hayana mpaka uende mjini kati, na bei sio ya mtu anayeuza mikeka. Kumuona tabibu na kadi hatulipi kwa sababu wagonjwa wa akili wa muda mrefu wapo kwenye msamaha wa serikali, lakini msamaha bila dawa dirishani unamsaidia nani? Metfomini na dawa za presha zipo karibu muda wote, za akili ndo zinakata, na hizi ukikatisha wiki mbili unarudi ulikotoka. Ninachojua ni kwamba vituo vinaagiza kwa kuangalia walivyotumia, wakiandika wagonjwa wachache wanaletewa chache, kwahiyo nawaomba wanaosimamia dawa wilayani wahesabu watu wetu vizuri. Vile vijiti vya kupimia sukari navyo kuna siku vimeisha.

La pili, tabibu ni mmoja. Akienda likizo au semina anakaa mwingine ambaye anaogopa, ukimuona unajua anaogopa, anaandika rudia dawa bila kumuangalia mgonjwa. Kituo kizima kinatakiwa kifundishwe mpaka mlinzi wa getini. Mlinzi wa zamu ya asubuhi alishawahi kumkemea kijana mmoja mgonjwa kwa kuongea peke yake, na nesi akatoka akamrekebisha mlinzi mbele za watu kwa heshima, lakini isingetakiwa ifike huko.

La tatu hawana mashine ya kupima moyo ule umeme wake, na baadhi ya dawa hizi zinatakiwa moyo uangaliwe. Tunaenda mkoani kwa hilo.

Kuna majirani wananiambia kwanini unahangaika na kituo cha kata, mtu kama huyo mpeleke Mirembe, ile hospitali ya akili ya Dodoma, akakae huko. Nawajibu hapa hapa. Mirembe ina kazi yake, mtu akizidiwa kabisa anahitaji kulazwa na mabingwa, hakuna anayebisha. Ila mama mdogo anaishi hapa, ana kitanda chake na mikeka yake na mbegu za mchicha, na sukari yake inatakiwa iangaliwe kila mwezi na mtu aliye karibu. Na wazo hili sio geni kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mbele Afrika kujaribu kuingiza huduma za akili kwenye zahanati na vituo vya afya, walianzia Morogoro na Kilimanjaro. Wenzetu Ethiopia wilaya ya Sodo walilinganisha kabisa, matokeo yakatoka 2022, wagonjwa wa magonjwa makubwa ya akili waliotibiwa na wahudumu wa kawaida wa vituo hawakuwa nyuma ya wale waliotibiwa na manesi wa akili. Kwahiyo inawezekana na sio huduma ya daraja la chini.

Lakini niseme na upande wa pili, huduma karibu na nyumbani lazima iwe huduma kweli. Afrika Kusini, jimbo la Gauteng, 2016 waliwatoa wagonjwa wa akili zaidi ya elfu moja kwenye taasisi ya Life Esidimeni wakawagawa kwenye vijumba vya mashirika yasiyo na uwezo, na watu 144 walikufa, wengine kwa njaa na kiu na maradhi ya kawaida yaliyokosa matibabu. Ukimrudisha mtu nyumbani bila dawa, bila chakula, bila mtu wa kumpima presha, umemtupa.

Kwa anayetaka kwenda kwenye kliniki ya aina hii, kwake popote alipo: fika mapema, saa moja na nusu asubuhi uwe umeshakaa, maana saa nne foleni inafika mpaka mlangoni. Mgonjwa asile chochote asubuhi kama anapimwa sukari, mbebee chai na maandazi ale akishachomwa kidole, mwenye njaa ya dawa ukimkalisha bila kitu atakasirika na ana haki. Dawa zote anazotumia zibebe kwenye mfuko kama zilivyo na pakiti zake, na za mitishamba pia sema, usifiche. Kama amekuwa akipata kiu sana, akinenepa haraka, akikosa choo siku nyingi, akitingisha mdomo au ulimi bila kutaka, akikaa akishindwa kutulia miguu, sema, hayo mengi yanatokana na dawa na yanatibika au dozi inabadilishwa. Na usiondoke bila kuuliza mambo haya: kilo ngapi leo, presha ngapi, sukari ngapi, na lini atapimwa mafuta ya damu. Wakikwambia hapa tunatoa dawa za akili tu, waambie mgonjwa wangu ana moyo na figo kama wengine, na omba kumuona mganga mfawidhi.

Mwenye mgonjwa Muheza au Pangani na hajui aanzie wapi, muulize mhudumu wa afya wa mtaa wako kwanza, hao wanajua kituo gani kina tabibu aliyefundishwa na ni siku gani yupo. Sisi tunarudi mwezi ujao, na kama risperidoni itakuwepo dirishani nitarudi hapa kuongeza ile nyota ya tano.